Pumu ya mjini na pumu ya kijijini: Je, tumpeleke mtoto shamba?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, katika nyumba nyingi za mijini huanza mazungumzo ya safari. Watoto wanakwenda kwa bibi. Nauli inatafutwa, mabegi yanafungwa, na sukari na kanga za zawadi zinawekwa pembeni. Katika nyumba yenye mtoto mgonjwa wa pumu, mazungumzo hayo huwa na uzito wa ziada, kwa sababu ndugu na majirani wameshatoa ushauri wao: “Mpeleke shamba mwanangu, akavute hewa safi. Pumu ni maradhi ya mjini.” Mama husikiliza, huona maneno yana busara, naye humpeleka. Dawa ya mtoto ya kuvuta, ambayo wengi wetu huiita inhela, hubaki juu ya kabati, kwani inadhaniwa kuwa anakokwenda haitahitajika.

Ndugu msomaji, wiki hii katika ukurasa wetu wa familia tumeona tuipime kauli hiyo. Ni kauli yenye ukweli ndani yake, na yenye hatari ndani yake pia. Ukweli wake ni kwamba tafiti nyingi zilizofanywa barani Afrika zimekuta pumu kwa wingi zaidi mijini kuliko vijijini. Hatari yake ni pale tunapogeuza takwimu ya watu wengi kuwa dawa ya mtoto mmoja. Mambo hayo mawili ni tofauti, na kutoyatofautisha kunaweza kugharimu uhai.

Pumu ni nini?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya mapafu yetu mna mirija inayopitisha hewa, inayogawanyika na kuwa midogo zaidi na zaidi, mfano wa matawi ya mti. Kwa mgonjwa wa pumu, kuta za mirija hiyo zina uvimbe wa kudumu hata siku anapojiona mzima. Akikutana na kitu kinachomchokoza, kama moshi, vumbi, baridi, mafua au harufu kali, misuli inayoizunguka mirija hukaza, uvimbe huongezeka, na ute mzito huziba njia iliyosalia. Hapo kifua hubana, pumzi hutoa sauti ya mluzi, na kikohozi humshika hasa usiku na alfajiri.

Katika maelezo hayo kuna jambo moja la kulishika: uvimbe upo hata mgonjwa anapokuwa na nafuu. Ndiyo maana pumu haiondoki kwa sababu mtoto ametulia wiki mbili. Pumu hudhibitiwa, na ikidhibitiwa vizuri mgonjwa huishi, husoma, hucheza mpira na hufanya kazi kama wenzake.

Watafiti walikuta nini?

Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti wa Afrika Kusini uliowalinganisha watoto wa Kixhosa wa mjini Cape Town na wenzao wa vijijini Transkei. Watoto hao walikuwa wa kabila moja na lugha moja, wakitofautiana kwa mazingira. Watafiti waliwapima pumzi, wakawakimbiza, kisha wakawapima tena, kwani mbio huibana mirija ya mwenye pumu. Mjini, zaidi kidogo ya asilimia 3 ya watoto walionesha dalili. Kijijini alipatikana mtoto mmoja tu katika watoto wapatao 700.

Zimbabwe ikafuata. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, watoto wa umri wa miaka 7 hadi 9 walipimwa katika sehemu tatu. Katika mitaa ya wenye nacho kaskazini mwa Harare, waliokutwa na tatizo la mirija kubana walikuwa asilimia 5.8. Katika mitaa ya watu wengi na kipato kidogo ya jiji hilohilo walikuwa asilimia 3.1. Kijijini Wedza walikuwa asilimia 0.1. Hapa tunaona kwamba tofauti haikuwa ya mji na kijiji peke yake. Hata ndani ya mji mmoja, aina ya maisha ilitofautisha watoto.

Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya Jimma, mji ulioko kusini magharibi mwa Ethiopia. Pumu ilikuwa imeshajitokeza mjini, na wagonjwa wengi walisema iliwaanza katika miaka ya karibuni. Katika vijiji vya jirani ilikuwa adimu sana.

Kwa upande wa majirani zetu wa Kenya, mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya kuwapima zaidi ya wanafunzi 1,000 wa darasa la nne, kutoka shule tano za Nairobi na shule tano za wilaya ya Murang’a. Kwa kipimo kilekile cha mbio, asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi mirija yao ilibana. Kwa watoto wa Murang’a ilikuwa asilimia 13.2.

Tunamtahadharisha msomaji asichukue namba ya Kenya akailinganisha na ya Zimbabwe, akasema Kenya ina pumu zaidi. Kila utafiti una mpaka wake wa kusema huyu ana tatizo na huyu hana. Kinacholingana ni mji na kijiji ndani ya utafiti mmoja, na kwa mizani hiyo jibu la tafiti hizi nne ni moja: mji ulizidi.

Kwa nini mji uzidi?

Jibu linalokuja haraka ni moshi wa magari na viwanda. Moshi huo unadhuru mapafu bila shaka, na mwenye pumu anayeishi kando ya barabara kubwa anaujua. Lakini moshi peke yake hauelezi kila kitu. Kama ungekuwa sababu pekee, watoto wa mitaa tulivu yenye bustani kaskazini mwa Harare wasingewazidi wale wa mitaa iliyosongamana.

Sehemu nyingine ya jibu iko katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mwili wa mtoto mchanga bado unajifunza kutofautisha adui na asiye adui. Mtoto anayekua karibu na udongo, ng’ombe, mbuzi na kuku hukutana na vijidudu vya aina nyingi tangu mapema, na wataalamu wengi wanaona kwamba makutano hayo huufundisha mwili wake kutulia mbele ya vitu visivyo na madhara. Anayekua ndani ya kuta nne, juu ya zulia na godoro lenye utitiri wa vumbi, pamoja na mende na ukungu wa ukutani, hupata mafunzo ya namna nyingine.

Mfano mashuhuri wa jambo hili umetoka Marekani. Huko wapo wakulima wa jamii mbili za Kikristo, Amish na Hutterite, ambao asili yao ni Ulaya na damu zao zinakaribiana. Waamish hulima kwa farasi na mifugo yao iko karibu na nyumba, watoto wakiingia na kutoka mabandani. Wahutterite hulima kwa mashine katika mashamba makubwa, na watoto wao hawako karibu na mifugo kwa namna hiyo. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilionesha kwamba pumu kwa watoto wa shule wa Kiamish ilikuwa takriban asilimia 5, na kwa wa Kihutterite takriban asilimia 21. Wote ni watu wa shamba. Tofauti ilikuwa katika namna ya kuishi shambani.

Karibu nasi zaidi, nchini Uganda, utafiti wa wilaya ya Wakiso uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha watoto wapatao 1,700 wanaosoma mjini. Watafiti waliuliza mahali mtoto alipoanzia maisha yake. Walioanza maisha kijijini walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na pumu, walioanza katika miji midogo uliongezeka, na walioanza jijini ulikuwa mkubwa zaidi.

Hapa, wazazi wenzetu, ndipo penye fundo la makala haya. Kama kijiji kina kinga, basi kinga hiyo hujengeka mtoto angali mdogo mno, kabla ugonjwa haujaanza. Hakuna katika tafiti hizi panaposema kwamba mtoto wa miaka minane aliyekwisha kupata pumu mjini atapona kwa kupelekwa kijijini wiki nne. Mirija yake imeshavimba, na itakwenda naye ndani ya basi mpaka kwa bibi.

Kijiji si ngome

Tena, kijiji cha leo si kile cha mwaka 1979. Nchini Ghana, watafiti waliwapima wanafunzi wa mkoa wa Ashanti mwaka 1993, wakarudia mwaka 2003. Mjini Kumasi, kwa watoto wa wenye nacho, waliobanwa kifua kwa mbio walipanda kutoka asilimia 4.2 hadi 8.3. Kwa watoto wa mjini wenye kipato kidogo walipanda kutoka 1.4 hadi 3.0. Na kijijini walipanda kutoka 2.2 hadi 3.9. Kwa maneno mengine, katika miaka 10 idadi ilikaribia kuongezeka maradufu kila mahali, kijiji kikiwamo. Tazama pia kwamba watoto wa kijijini waliwazidi maskini wa mjini katika vipimo vyote viwili. Hata ile asilimia 13.2 ya Murang’a si namba ndogo. Ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila wanane.

Kisha kuna jiko. Hewa ya kijijini ni safi mtu akiwa kondeni. Akiingia jikoni kwa bibi, penye mafiga matatu, kuni mbichi na dirisha dogo, habari hubadilika. Mtoto wa mjini aliyezoea kula chakula kilichopikwa kwa gesi hukaa hapo jioni nzima akiota moto na kusikiliza hadithi, na usiku kifua hukaza. Wenyeji nao hawakusalimika. Katika wilaya ya Masindi, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba mtu mzima mmoja katika kila sita alikuwa na ugonjwa sugu wa mirija ya hewa kuziba, ambao si pumu ingawa unafanana nayo, na karibu wote waliochunguzwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni na mabaki ya mimea. Bibi anayekohoa kila asubuhi na kusema “ni uzee tu” huenda anaugua maradhi yenye jina na yenye tiba.

Liko na jambo la tatu, nalo ni la kuhesabu. Kipimo cha mbio humpata mtoto hata kama hajawahi kuonwa na daktari. Lakini katika maisha ya kila siku mgonjwa huhesabiwa pale tu anapofika kituo cha afya, akakutana na mtu anayeijua pumu, akaandikiwa jina la ugonjwa wake. Kwingi vijijini mtoto huyo huitwa “mwenye kifua” na hutibiwa kwa dawa za nimonia mara nne kwa mwaka. Hata mijini hali si njema sana. Utafiti uliofanywa katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwamo, kwa vijana wa miaka 12 hadi 14, umeonesha kwamba katika wenye dalili za pumu ni takriban mmoja tu kati ya watano aliyewahi kuambiwa na mganga kwamba ana pumu. Ikiwa mambo ni hayo mjini, tusijidanganye kwamba kijiji kisicho na wagonjwa wa pumu katika daftari la zahanati hakina wagonjwa wa pumu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba iliua watu 455,000. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo, ingawa nchi tajiri zina wagonjwa wengi. Tofauti hii haitokani na hewa. Inatokana na kutambuliwa kwa ugonjwa, na kuwapo au kukosekana kwa dawa. Na kila mtu ajue: mtoto anayebanwa saa 8 usiku katika kijiji ambacho zahanati iko mwendo wa saa mbili, na inhela yake iko juu ya kabati mjini, yuko katika hatari kubwa kuliko alivyokuwa kando ya barabara yenye moshi.

Basi asiende kwa bibi?

Hatusemi hivyo hata kidogo. Kuunga udugu ni katika dini yetu, na mtoto ana haki ya kumjua bibi yake, kuchuma embe na kulala akisikiliza mvua kwenye bati. Tunachosema ni kwamba aende kama mgonjwa aliyejiandaa, asiende kama mgonjwa aliyekwisha kupona.

Kwanza, kabla ya safari aonwe na daktari au mganga wa kliniki yake. Dawa za pumu ni za namna mbili, na wazazi wengi huzichanganya. Ipo ya kufungua kifua, kama salbutamo, inayofanya kazi kwa dakika chache na kuisha nguvu baada ya saa kadhaa. Na ipo ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Anayetegemea ya kwanza peke yake ni kama mtu anayefukuza moshi na kuuacha moto ukiwaka. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya tiba ya pumu imeacha kupendekeza kwamba mtu mzima, au kijana kuanzia miaka 12, atibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Muulize daktari: mwanangu ana zote mbili? Kisha uhakikishe zinatosha siku zote za likizo, na siku chache za ziada.

Pili, bibi, babu au shangazi atakayempokea afundishwe. Asiambiwe kwa simu tu, aoneshwe. Ajue dawa iko wapi na inatumiwaje. Ajue dalili za hatari: mtoto kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ya mbavuni au shingoni kuzama kila anapovuta hewa, midomo kugeuka rangi, kulegea na kusinzia. Mtoto wa namna hiyo akalishwe wima, apewe dawa ya kufungua kifua kwa kadiri alivyoelekeza daktari, na safari ya hospitali ianze papo hapo. Asilazwe chali, na isingojwe asubuhi. Tena ijulikane mapema nani mwenye bodaboda au gari anayeweza kuamshwa usiku.

Tatu, mtoto mdogo hawezi kubonyeza inhela na kuvuta kwa wakati mmoja, na dawa nyingi huishia mdomoni. Hutumika chombo maalumu cha kupitishia dawa, ambacho si rahisi kupatikana kila mahali. Madaktari wa Cape Town walionesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, kwamba chupa tupu ya plastiki ya soda ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo vizuri. Chini ya chupa hutobolewa tundu linalobana mdomo wa inhela, pembeni huzibwa hewa isivuje, na mtoto huvuta kupitia mdomo wa chupa. Mwombe mhudumu wa afya akuoneshe namna ya kuitengeneza na kuitumia. Hakuna sababu ya mtoto kukosa dawa ilhali chupa hizo zimejaa majalalani.

Nne, asikae jikoni penye moshi. Na kama tuna uwezo wa kumpelekea bibi zawadi, tufikirie jiko. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, lakini familia haina haja ya kusubiri miaka yote hiyo. Mtungi mdogo wa gesi, au hata kupikia nje wakati wa kiangazi, ni hisani kwa mapafu ya bibi kabla ya kuwa hisani kwa mjukuu.

Yaliyomo katika nyumba zetu

Tukimaliza ya kijijini, tuyatazame pia ya nyumbani kwetu mjini, kwani huko mtoto ndiko anakoishi miezi mingi. Sigara ndani ya nyumba yenye mtoto wa pumu haina udhuru. Dawa za mbu za kuchoma na manukato ya kupuliza humchokoza. Magodoro na mazulia yaanikwe juani, na ufagio upitishwe mtoto akiwa nje.

Na tuseme kwa upole juu ya udi na ubani. Tunajua nafasi yake katika nyumba zetu, siku ya Ijumaa, katika maulidi, harusini na wageni wanapokuja. Kupenda harufu nzuri ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Lakini moshi ni moshi, hata ukinukia. Mtume (s.a.w.) amemtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi ajitenge na msikiti ili asiwaudhi wenziwe kwa harufu, na huko ni kuudhi tu. Vipi basi kuhusu kinachombana mtu pumzi? Nyumba yenye mgonjwa itumie mafuta au marashi asiyodhurika nayo, na chetezo kiwekwe mbali naye. Misikiti na madrasa nazo zilitazame hilo, pamoja na vumbi la majamvi na mazulia. Ustadhi anapaswa kujua ni mwanafunzi yupi ana pumu, na dawa yake iko katika mfuko gani.

Tuondoe pia dhana mbili. Dhana ya kwanza ni kwamba anayeanza inhela atazoea na hataacha tena. Inhela haimtii mtu katika uraibu. Dawa yake ni kidogo kuliko ya vidonge kwa sababu huingia moja kwa moja mapafuni inakohitajika. Dhana ya pili ni kwamba dawa ni upungufu wa tawakkul. Sivyo. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Asali, habasoda na dua tunavithamini, lakini mtoto anayebanwa usiku hawekwi kungoja asali ifanye kazi. Apewe dawa iliyothibiti, na dua iendelee.

Kuhusu saumu, swali hili hutufikia kila mwaka. Mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga. Kwa aliyebaleghe, wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana kuhusu inhela. Wapo walioona haifunguzi, miongoni mwao Sheikh Abdul-Aziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Uthaymin. Wapo walioona inafunguza, wakiwamo wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwao aliyeitumia hulipa siku nyingine. Msomaji amuulize sheikh wake kabla mwezi haujaandama, na daktari wake kama dawa ya kila siku inaweza kupangwa daku na futari. Lakini jambo moja halina mgogoro: Qur’ani katika Suratul-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Mwenye kubanwa asingoje adhana ya Magharibi huku roho ikimtoka.

Neno la mwisho

Turudi kwenye lile kabati. Hesabu za Afrika Kusini, Zimbabwe, Ethiopia na Kenya zimetuonesha kwamba miji imezidi vijiji kwa pumu, na zimetusaidia kuelewa namna ugonjwa huu unavyoanza. Hazikutuambia tuiache dawa nyumbani. Anayeupenda uhai wa mwanawe, begi likishafungwa, na alifungue tena aangalie: inhela mbili zimo, chupa imo, karatasi ya daktari imo, na namba ya simu ya mwenye gari imeandikwa. Kisha alifunge, amwambie mtoto Bismillahi, na amwache aende akacheze.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, awape wazazi subira na elimu ya kuwalea, na atujaalie kuwa sababu ya nafuu ya wengine. Amin.